Kasuku, matunda yetu, na ile avoka

(Maneno yaliyosemwa mu mukutano wa chama wa kila mwezi, hapa Kolwezi. Tumeyaandika namna yalivyosemwa, tukipunguza kidogo mahali watu walicheka ao walikata maneno. Waandikaji.)



Prezida ameniomba niseme juu ya chakula cha ndege za nyumbani. Naona kule nyuma kuna wenye kucheka. Haina mubaya, mucheke. Tumezoea kuongea hapa juu ya kilio, juu ya kasa, juu ya karatasi za watoto waliozaliwa ng'ambo ambao masomo inakataa kuwaandika. Leo ni papai na kasuku. Lakini munajua wote namna gani tumefika hapa, na sitaki kuzunguka. Kuna mutoto wa miaka 7 mu chama chetu ambaye tangu wiki tatu watu hawamuangalie vizuri, juu ya ndege moja iliyokufa. Nimekuja kusema ni nini kiliua ile ndege. Nikimaliza, asiwe tena mutu wa kusema "miye sikujua".

Muzee wetu eko hapa mbele na amenipa ruhusa nieleze. Alitoka Kolwezi mu 1978, wakati wa vita, kijana mwenye nguo moja. Akaishi Angola. Kule alioa, kule alizaa, kule alizika bibi yake. Aliporudi, alirudi na sanduku moja na kasuku. Namna gani alimuvusha pale Dilolo, leo sitamuuliza.

Yule kasuku tulimujua wote. Ukiingia ku lupango anakusalimia "Moyo!" kama mutu. Jua likishuka anaita kwa Kireno, "Velho, a porta!", ni kusema "Muzee, mulango!", na ile sauti ilikuwa ya bibi yake, yake kabisa, ya mutu aliyekufa zamani. Wageni wengine walikuwa wanaogopa. Muzee yeye alikuwa anajibu tu, "Nimefunga," na anaenda kufunga.

Siku moja ya posho, mujukuu wa nyumba ile wanamukaribisha muzee alikuwa anakula mukate na avoka. Kasuku akamuomba, maana kuomba wanajua. Mutoto akamukatia kipande. Si tunawafundisha watoto wagawe? Kesho yake asubuhi ndege ilikuwa chini ya kizimba, haiko tena ku kijiti chake, imevimbisha manyoya, mukia unapanda na kushuka kila mara anavuta pumzi. Mama wa nyumba akafanya kile wengi wetu tungefanya: akamumiminia mafuta ya mawese mu mudomo, kisha maziwa. Usiku akafa.

Njo maneno yakaanza. Ndege iliyokuwa inaongea na sauti ya marehemu imekufia mu mukono ya mutoto. Munanielewa. Mama mumoja alisema pale ku bomba ya maji, "Ule mutoto, mumuangalie muzuri." Mwingine akaongeza kwamba anasema mu usingizi, mwingine kwamba anakojoa ku kitanda. Nani hapa hakukojoa ku kitanda? Mimi nimeona watoto wanaolala ku soko mu muji huu ambao safari yao ilianza na maneno kama yale. Sheria ya ulinzi wa mutoto, ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, inaazibu mutu mwenye kumusingizia mutoto uchawi. Lakini mimi sikuja na polisi. Nimekuja na avoka.

Hii hapa. Mu nyama yake, mu ganda lake, mu kokwa, na zaidi mu majani, kuna kitu kinaitwa persini. Mutu anaweza kula avoka kila siku, persini haimufanyi kitu. Mwili wa ndege hauiwezi. Inakamata musuli wa moyo, moyo unachoka, maji yanajaa mu kifua, ndege inakosa pumzi. Dalili zinaonekana ndani ya siku moja ao mbili. Sasa muhesabu pamoja na mimi: kipande siku ya posho jioni, ugonjwa siku ya Mungu asubuhi, kifo usiku. Hakuna hata saa moja inayobaki ya kutafutia ndoki. Wanganga wa nyama wa Marekani, wa Australia, wa Afrika ya Kusini wameandika mambo yaleyale, mu nyumba za watu ambao hawana habari na muzee wetu wala na bibi yake.

Kuna atakayesema: kasuku ya shemeji yangu ilikula avoka na inaishi mupaka leo. Inawezekana. Aina za avoka hazifanani, na sumu yake haiko kipimo kimoja. Mutu anaweza pia kuvuka barabara ya malori macho yamefungwa na akafika ngambo. Hatutawafundisha watoto wavuke hivyo.

Na si ndege tu. Nyinyi wenye kufunga mbuzi chini ya muti wa avoka, yale majani yanaharibu kiwele, maziwa yanakatika, na mbuzi akikula mengi, moyo pia unaguswa. Sungura vilevile. Mubadilishe kamba mahali pengine, leo, mukifika tu nyumbani.

Juu ya mafuta na maziwa: mama aliyemimina simulaumu, mimi mwenyewe zamani nilimumiminia kasuku maziwa ya mbuzi na nikajiona munganga. Lakini mulango wa pumzi wa ndege uko pale pale nyuma ya ulimi. Ndege mugonjwa, mwenye kuhema, ukimumiminia kitu mu koo, sehemu inaingia mu mapafu, na sasa ana magonjwa mawili. Persini haina dawa ya kuipindua. Kile cha kufanya ni kuondoa chakula chote, kuweka kizimba mahali pa joto, penye giza kidogo, bila kelele wala watoto kumuchungulia, na kumupeleka kwa munganga wa nyama siku ileile. Umuambie munganga amekula nini na saa ngapi. Hata kama unaona haya. Munganga ambaye hajui ndege ilikula nini anatafuta mu giza.

Sasa musitoke hapa mukisema matunda ni mubaya, tutamupa bukari tu. Ile pia inaua, polepole.

Kasuku ya kijivu, ile Waluba wanaita nkusu na wenye Lingala nkoso, haina ndege ya miombo yetu. Kwao ni musitu mukubwa wa kaskazini. (Hapa Katanga tuko na kasuku wetu mudogo, wa mugongo ya kahawia na tumbo ya kijani, lakini yule haongei sana, njo maana watu hawamutafute.) Kule mu musitu, kitu anachopenda sana ni ngazi, yale matunda tunayokamulia mafuta ya mawese. Anamenya, anatafuna ile nyama nyekundu, anatupa kokwa. Ile rangi nyekundu si ya bure: ni karotini, ambayo mwili unageuza vitamini A. Sasa muchukue ndege ya namna ile, mumulete Kolwezi, mumupe karanga na bukari miaka 5. Karanga ni mafuta, bukari ni wanga. Vitamini A inakosekana, pua na koo zinaanza kuota vidonda, kila baridi ya mwezi wa sita na wa saba anaumwa kifua. Kalisi nayo inakosekana, na hapa kasuku ya kijivu ni zaifu kuliko kasuku wengine: siku moja anaanguka kutoka ku kijiti, anatetemeka, anapigapiga mabawa. Ni kifafa cha ukosefu wa kalisi. Mutajua wenyewe majirani watasema nini wakiona ile.

Kwa hiyo matunda yanahitajika, lakini kwa kipimo. Sikilizeni hesabu hii, ni ndogo. Kasuku mukubwa ana gramu 400 mupaka 500. Kipande cha ndizi cha gramu 20, kile wewe unaona si kitu, kwake ni kama mutu wa kilo 70 akule kilo 3 za ndizi mara moja. Halafu tunashangaa juu ya nini kinyesi chake ni maji. Matunda ni maji na sukari, na vitamini kidogo ndani. Ndege aliyeshiba sukari hataki tena kile chakula chenye kumujenga, sawa na mutoto aliyekunywa limonadi mbele ya kula. Mimi nawapa kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, mara moja kwa siku, asubuhi, kisha chakula chao cha kweli. Wenye kizimba cha vindege vidogo wapunguze tena: kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi kinatosha.

Ndani ya matunda yetu, mimi naweka papai mbele. Iko na ile rangi, iko laini, bei yake ni ya watu kama sisi, na hata zile mbegu nyeusi haziwazuru, wanacheza nazo. Embe ni muzuri sana, lakini menya: ganda lake lina utomvu unaochoma hata midomo ya watoto wetu, na kokwa utoe. Pera, mupe na mbegu zake. Ndizi inafaa, isipokuwa ni tamu tu, haina mengi ya kumupa. Nanasi na tikiti maji, kidogo. Chungwa, kipande kimoja mara moja moja, maana uchungu wake unasumbua tumbo. Masuku ya porini, wakati mvula inaanza, mimi nimewapa ile nyama laini bila mbegu na sijaona shida.

Pome zinazotoka Afrika ya Kusini na kupita Kasumbalesa, hizi watu wanapenda kumupa ndege kwa heshima, kama vile mugeni. Nyama yake haina shida. Mbegu ndizo zina shida, zinatoa kitu cha ukoo mumoja na ile sumu ya muhogo muchungu. Katieni moyo wote wa pome mutupe. Na tukisema muhogo: majani ya sombe mabichi, hapana. Munajua wenyewe kwa nini tunaitwanga na kuipika saa nyingi. Matembele ni mazuri, mabichi, yameoshwa. Lengalenga kidogo tu, isiwe kila siku, maana inakamata kalisi na kuizuia. Kiazi kitamu cha rangi ya machungwa, kimepikwa bila chumvi, kinashinda matunda mengi.

Ngazi ukiipata, moja kwa siku kadhaa ni zawadi kubwa. Usipoipata, tone moja la mafuta mekundu juu ya chakula, mara moja moja. Juu ya chakula, nimesema, haiko mu koo.

Pilipili. Kuna mama ameniuliza pale mulangoni kama ni kweli pilipili inafungua ulimi wa kasuku. Haifungui kitu. Lakini haimuumi pia! Ndege hasikii ule moto tunaousikia sisi, mudomo wake haukuumbwa kuusikia. Anakula pilipili kama wewe unakula nyanya, na pilipili nyekundu iko na vitamini A. Kwa hiyo yule kaka mukubwa mwenye kumupa kasuku ya jirani pilipili ili amuchokoze, anamulisha vizuri bila kujua.

Kile cha kufungua ulimi ni kuongea naye. Lutuku haifungui ulimi. Nimesikia watu wanachovya mukate mu lutuku wanamupa ndege, wanacheka akiyumba. Ini la ndege ya gramu 450 ni dogo kiasi gani? Na hata bila lutuku, tunda lililolala mu kizimba muchana kutwa mu joto linaanza kuchacha, linakuwa pombe na ukungu. Baada ya saa mbili, toa kilichobaki. Ukungu kwa kasuku ya kijivu ni adui mukubwa, unaingia mu mapafu na hautoki. Karanga vilevile: ile karanga nyeusi, ile yenye vumbi la kijani, ile umeona haifai kwa mutoto, usiseme "tutamupa ndege". Ina sumu ya ukungu yenye kuharibu ini, lake na letu.

Chokoleti, kahawa, kitunguu, chumvi, hizo napita haraka: hapana, hapana, hapana, hapana.

Sasa nifike ku jambo letu la hapa, maana vitabu vya ndege viliandikwa na watu wasioishi Kolwezi. Munaosha namna gani?

Embe ulilonunua kando ya barabara ya Likasi limekaa pale toka asubuhi, malori ya minerai yanapita, vumbi linapanda na kushuka. Mu 2018, wataalamu wa chuo kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza utafiti wao juu ya Kasulo, kule watu walichimba kobalti mupaka ndani ya lupango zao. Walipima mukojo na damu ya wakaaji: kobalti ilikuwa nyingi kupita ya watu wa mutaa jirani, na nyingi zaidi mu watoto. Vumbi ndilo lilikuwa njia mojawapo. Kile kinachoanguka juu ya mutoto kinaanguka juu ya embe, na kasuku hapigi magoti kunawa. Kwa hiyo: maji safi ya kunywa, si ya Luilu wala ya Musonoi, sugua na mukono, usichovye tu, menya ganda lote la tunda ulilonunua ku barabara. Kisu kikaushwe na kitambaa safi. Na nyinyi wenye kutoka ku kazi ya kuchimba, munawe na mubadilishe nguo mbele ya kumushika ndege, na mbele ya kumushika mutoto, kwa mupangilio mutakaoutaka.

Kuna jambo lingine la zinki. Wengi wanatengeneza kizimba na ile waya mupya inayong'aa, na sahani wanakata mu bati. Kile kinachong'aa ni zinki. Kasuku anatafuna kila kitu, na zinki inamuua, hata risasi inamuua. Tena ukiweka chungwa ao nanasi mu sahani ya bati, ule uchungu wa tunda unayeyusha zinki na kuitia mu chakula. Hivyo tunda zuri linageuka sumu juu ya sahani. Tumia sahani ya udongo, ya inox, ao ya kioo. Na lile jiwe la kijani la malakiti, ambalo kila nyumba hapa inaweka juu ya meza kama mapambo, lisiwe muchezo wa kasuku. Ni shaba ile. Nimeona moja iliyotafunwa ncha kama biskuti.

Mudomo kwa mudomo. Najua munapenda. Mutu anatafuna karanga, anatoa ulimi, kasuku anachukua, watu wanapiga picha. Mate yetu yana vidudu ambavyo kwetu ni wakaaji, kwa ndege ni wavamizi. Na yeye pia anaweza kutupa ugonjwa wake wa mapafu, unaopita mu kinyesi kilichokauka na vumbi la manyoya. Kizimba kisafishwe kila siku, kilowanishwe maji mbele ya kupanguswa ili vumbi lisiruke, na mikono inawe. Mama mwenye mimba amuachie mwingine kazi ile.

Na musimuweke mu jikoni. Ndege ana mapafu yanayofanya kazi kuliko yetu, hewa mubaya inamufikia mbele yetu. Kule Uingereza wachimbaji wa makaa walikuwa wanashuka na ndege mudogo mu kizimba, kanari, akianguka wanajua kuna gesi, wanakimbia. Waliacha ile desturi mu 1986 tu, walipopata mashine. Moshi wa makala yenu mu chumba kilichofungwa ni gesi ileile. Lakini jua la asubuhi, ndiyo, nusu saa inje na kivuli upande mumoja: bila jua mwili wake hautumie kalisi, hata ukimupa maganda ya mayai. Maganda yenyewe chemsha, kausha, saga.

Nafika ku ile pointi ya kamati, na hapa najua tutabishana.

Mu ajenda imeandikwa: "Kutoa falanga mu kasa kununua kasuku mwingine wa muzee." Wazo linatoka mu moyo muzuri. Mimi nalikataa. Yule kasuku mwingine atatoka wapi? Kuna mutu kule kaskazini atapaka ulimbo juu ya tawi, atafunga kasuku mumoja aite wenzake, watanasa kumi, atawakata manyoya ya mabawa, atawafunga mu sanduku juu ya lori. Wengi wanakufa mu njia. Yule mumoja anayefika kwetu tunamulipa na bei ya wale waliokufa. Njo maana mu 2016, mu mukutano wa Johannesburg, inchi za dunia zilikubaliana kuweka kasuku ya kijivu ku orodha ya kwanza ya CITES, ile ya ulinzi mukubwa kabisa, na toka tarehe 2 mwezi wa kwanza 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini imefungwa. Na sisi ni watu wa mipaka. Kati yetu kuna wenye ndugu bado Meheba, bado Luau, bado Solwezi, na kila mwaka kuna mutu anataka kuvuka na ndege mu kapo. Atanyang'anywa ndege, atalipa, na pengine atalala pale. Chama hakitakuwa na kitu cha kumutoa.

Zaidi ya hapo, jana nilimuuliza muzee mwenyewe, maana tunapenda kuamua juu ya watu bila kuwauliza. Alicheka kidogo. Akasema, "Mwingine atasema nini? Hajui mambo ya kwangu."

Kasuku mumoja anaweza kuishi miaka 40, hata 60. Wale tulio nao mu chama, nimehesabu, ni wanne wa kijivu na wawili wa kijani. Hao njo tuwachunge. Pendekezo langu ni kwamba sehemu ya zile falanga tulipe munganga wa nyama apite mara moja mu zile nyumba, aangalie ndege na mbuzi pamoja, na kilichobaki kirudi mu kasa. Mupige kura mukitaka, mimi sina uchungu.

Juu ya mutoto, sina mengi ya kuongeza. Alimupa rafiki yake kipande cha chakula chake. Hakujua, na sisi wakubwa hatukujua pia. Mu nyumba ile walikuwa wakubwa 5 na hakuna mumoja aliyejua. Kama kuna mwenye neno juu yake, alisemee hapa mbele yangu na mbele ya muzee, haiko ku bomba ya maji. Nangoja.

(Kimya. Hakuna aliyesimama.)

Vizuri. Basi nimeleta papai mbili, embe moja na lile pome, pamoja na beseni na maji ya kunywa. Muzee amesema yeye atashika kisu na mutoto ataosha. Mama mwenye kasuku wa kijani, yule aliyeacha kizimba chini ya dirisha, akilete hapa mbele, tuanze na wake. Lakini nimeona sahani yake ni ya bati. Nani ana kisahani cha udongo?